Jiwe Walilolifuata Mbali

Kambi ya Pango la Kgaka
4 Mei 2011

Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua hakikusumbui na baridi hii, na mama ni mzima. Mimi sijambo.

Ni miaka mitatu tangu uniambie nisikanyage kwako mpaka nirudi darasani kufundisha. Sijarudi. Nachimba. Sipigi simu kwa sababu tutagombana kabla salamu hazijaisha.

Nahitaji ujuzi wako. Humu pangoni tunatoa visu vya mawe vya watu wa kale mno, vyekundu, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Mto ulio chini yetu umejaa mawe meupe tu. Profesa Verster, anayenisimamia, anasema, "Hawa hawakuchagua kitu, Kelebonye. Waliokota kilichokuwa miguuni." Nimetembea mtoni wiki nzima, jekundu hata moja sikuliona. Naamini walilifuata mbali. Nisipoonyesha walikolitoa kabla ya Septemba, sura ya visu hivi inaondolewa kwenye tasnifu yangu ya shahada.

Umechonga mawe ya makaburi miaka thelathini. Picha hizi hapa. Unalijua?

Mwanao,
Kelebonye


Loganeng
19 Mei

Kelebonye,

Marahaba. Kifua ni kilekile. Mama yako mzima, ameisoma barua yako mara nne na ananinunia mimi.

Kwa hiyo umeacha mshahara wa serikali ukachimbe mawe. Mawe yapo tele hapa uani, ungeniambia tu.

Picha haisaidii kitu. Jiwe hupigwa likasikika. Linalia au linabweka? Likivunjika linakata kama chupa, au linamomonyoka? Chembe zake unaziona kwa macho? Jibu hayo kwanza.

Baba yako


Kambi ya Pango la Kgaka
28 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi umeandika, hata kama ni kwa kunisema.

Siruhusiwi kuvipiga. Ila kisu kimoja kiliponiponyoka kikagonga kingine, kililia kama kikombe cha kauri. Makali yake yalinikata kidole, nikakaa na bandeji siku tisa. Chembe ni ndogo kama sukari. Vipo pia vipande viwili vya manjano, visivyong'aa. Verster anasema hivyo ni jiwe jingine.

Mwanao,
Kelebonye


Kambi ya Pango la Kgaka
15 Julai

Baba,

Shikamoo. Wiki saba hujajibu. Nimempigia mama, anasema tu "baba yako hajambo" na kukata simu. Kama umekasirika tena, niambie, nitafute mwingine. Kuacha siachi.

Kelebonye


Loganeng
11 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Sikuwa nyumbani. Nilimkataza mama yako asiseme, maana ningerudi mikono mitupu ungenicheka.

Niliazima mkokoteni wa punda wa jirani yetu Kagelelo, naye akaja juu yake, eti punda wanamsikia yeye tu. Tukahangaika vilima vingi. Hatimaye, nyuma ya mabwawa makavu ya chumvi, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka pangoni kwako, tukakuta ukingo wa jiwe la manjano, chembe kama sukari. Nikalipiga. Likabweka, likavunjika kama mkate mkavu. Nikapiga mengine ishirini. Kagelelo kakaa kivulini: "Oteng, binti yako amekutuma uyaadhibu?" Nikamwambia anyamaze apike.

Tulipika ugali wa mtama pale pale siku mbili. Wakati wa kuondoka nikafukua majivu nizime moto, nikakuta kipande changu kimoja kimezama mchangani chini ya makaa. Kilikuwa chekundu. Nikakipiga, kikalia. Kelebonye, kilibanduka kama kitunguu, ganda baada ya ganda, na kila ganda linang'aa!

Hatukuondoka tena, nikarudia mara sita. Moto wa haraka hulipasua lote. Linataka mchanga wa vidole vitatu juu yake, makaa mengi, kisha uliache lipoe lenyewe. Na si kila la manjano linafaa. Lenye mshipa linakusaliti. Hao watu wako walichagua kuliko mimi. Mawe ya mtoni waliyapita huku wakiyaona.

Nakutumia mawe kilo nane kwa basi, mabichi na yaliyoiva. Vile viwili vya manjano si jiwe jingine. Ni hilohilo, halijaingia motoni.

Baba yako


Kambi ya Pango la Kgaka
2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Maabara imepima. Jiwe la pangoni na la ukingo wako ni moja. Nililia mbele ya wenzangu, sikuona haya. Sura inabaki.

Lakini Verster ameisahihisha, na wewe amekuandika "mkazi wa eneo" tu. Nikamuuliza, "Huyo mkazi hana jina?"

"Hana shahada," akasema. "Na nani alimwona akifanya hayo?"

Nikazichukua karatasi zangu mezani pake. Nimemwambia jina la Oteng Seboko liwemo, la sivyo kazi yote haitoki. Amenipa mpaka tarehe ishirini nibadili mawazo. Sibadili. Nikifukuzwa nitarudi nyumbani, nawe utapata ulichokitaka.

Mwanao,
Kelebonye


Loganeng
9 Septemba

Mwanangu Kelebonye,

Hujambo mama? Kifua leo kimenipa nafasi. Mama yako anakusalimu, yuko hapa anapiga pasi suti yangu ya kanisani.

Usirudi. Nilichokuambia miaka mitatu iliyopita nilikisema kwa hasira, nikakaa nacho kwa ukaidi. Nakifuta.

Anauliza nani aliniona? Ataniona yeye. Nakuja kwa basi la Jumatatu, na nyundo, na gunia la jiwe la manjano. Kuni tafuteni ninyi. Mwambie Profesa alete na wenzake, wakae karibu waone vizuri, ila wavae miwani, maana vipande vinaruka.

Kagelelo anakuja pia. Anasema yeye ndiye shahidi.

Usijibu. Barua haitanikuta.

Baba yako,
Oteng Seboko