Vidonge Visivyo na Jina

Nyumbani kwa mama,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Nakusalimu kwanza, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Hujambo? Wifi hajambo? Kifua cha yule mtoto kimepona? Sisi huku tuko hai, na leo neno hilo nalisema kwa uzito wake. Mama amelazwa hospitali. Jana aliketi kitandani akanywa chai mwenyewe, kwa hiyo usianze kulia. Tulia unisome.

Unavikumbuka vile vidonge vya magoti ulivyompa rafiki yako atuletee, kwenye kopo jeupe lisilo na jina? Na ile krimu ya kuondoa madoa usoni? Mama alivipokea kwa vigelegele. Haukupita muda magoti yakanyamaza, akawa anapanda ngazi bila kushika ukuta. Mashavu yakajaa. Majirani wakamsifu: mwanao anakutunza, umependeza! Kumbe hakuwa ananenepa. Alikuwa anavimba.

Sasa sikiliza hili. Zile dawa za presha alizoandikiwa na daktari, alinipa nimsomee karatasi iliyo ndani ya boksi. Nikamsomea: huenda zikaleta kikohozi, huenda zikaleta kizunguzungu. Akanikatiza, "Basi, kazitupe. Hizi za mwanangu hazijaandikwa dhara hata moja." Tulibishana hadi sauti ikanikauka. Dawa iliyosema ukweli wake ikafungiwa kabatini, na hiyo bubu yako ikalala chini ya mto.

Kopo lilipoisha, akaanza kutapika. Nikamkuta sakafuni jikoni, mwili wa baridi, maneno hayatoki. Jirani yetu fundi baiskeli ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani tukapata gari.

Huko hospitali nikaagizwa nilete kila anachomeza na kila anachojipaka. Daktari aligeuza kopo huku na huku, akaniuliza, "Nani kampa hivi?"

"Mwanawe."

"Ni daktari?"

"Anauza simu."

Hakucheka. Alinieleza kwamba dalili zote ni za dawa kali ya kutuliza uvimbe wa viungo, ambayo ikitumiwa ovyo yenyewe huvimbisha uso na kuifanya ngozi kuwa nyembamba, na kwamba krimu za namna ile nazo mara nyingi huchanganywa dawa ya jamii hiyo hiyo. Yeye mwenyewe huiandika kwa anayeihitaji, ila kwa kipimo, huku akimwangalia mgonjwa sukari na presha, na kuiacha ni kwa kupunguza kidogo kidogo. Mwili uliokwisha kuizoea ukikatiwa ghafla, unazimika. Ndiyo maana sasa mama anapewa dawa hiyo hiyo, apunguziwe taratibu.

Muuguzi alipobandua plasta mkononi mwa mama, ngozi ilitoka nayo. Kitinda, ilitoka nayo kama utando wa maziwa!

Usiniambie hukujua. Simu isiyo na jina ungemuuzia mteja wako kabla ya kuifungua na kuikagua? Mteja unamkagulia, mama yako unamtumia tu. Nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi.

Na bado sijamaliza. Nilipomweleza mama, alinigeuzia mgongo akasema nakuonea wivu tangu utotoni, na kwamba akitoka atakuomba kopo lingine. Daktari kamwambia, muuguzi kamwambia, haamini mtu. Anakuamini wewe peke yako.

Kwa hiyo mpigie leo. Pole zako kaa nazo, na zawadi usimwahidi. Mwambie hivi: mama, nilikosea, sikujua kilichomo, usivimeze tena. Neno hilo litakukwama kooni. Liseme hivyo hivyo.

Msalimie wifi. Kama naye anajipaka krimu ile, aende kwa daktari upesi, asiikate kienyeji. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Shemeji yako anakusalimu, ingawa naye kanuna.

Mungu akulindie nyumba yako, na akupe ujasiri wa kuinua hiyo simu kabla mama hajakupigia yeye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu zote.