Risasi ya Mbogo na Kisu cha Athmani

Jumamosi, 2 Julai 1994

Mbaazi nimeloweka tangu alfajiri. Nazi mbili nimekuna, ya tatu imeoza, nimeitupa. Goti linauma.

Chini barazani wamejaa tena. Juzi walikuwa makocha wa Kombe la Dunia la kule Amerika, leo wamekuwa wawindaji. Watu wazima sita, na hakuna hata mmoja aliyeua mnyama mkubwa kuliko mbuzi wa Idi, na mbuzi mwenyewe alishikwa miguu na wanne.

Aliyeleta maradhi haya ni Bwana Nassor, tajiri wa Kizingo. Yuaenda Tanganyika kuwinda mbogo, maana kwetu serikali ilifunga uwindaji zamani. Kaja na kitabu cha picha za risasi. Wanakipokezana kama wanawake na kitabu cha mitindo ya nguo za harusi. Magnamu hii, magnamu ile. Mia tatu. Mia tatu sabini na tano. Mia nne hamsini na nane. Mate yanawatoka.

Skuli sikwenda. Herufi zangu ni hizi za Kiarabu za chuoni, za kuanzia kulia. Lakini tarakimu za Kizungu nazijua, alinifunza marehemu mume wangu kwenye vitako vya maganda ya risasi, maana namba huchapwa pale. Miaka na miaka alichukulia wazungu bunduki porini, akachinja, akachuna. Namba wanazotafuna huko chini nilikuwa nikizisugua kwa jivu kabla wao hawajaota meno.

Magnamu ni ganda kubwa na baruti nyingi. Basi. Haisemi lolote juu ya aliyeishika.

Jumapili, 3 Julai

Sikulala vizuri. Sababu ni hii.

Athmani, kitinda mimba wangu, miaka arubaini na miwili, fundi wa cherehani kule Bondeni, baba wa watoto watatu, kaniambia yuaenda na Nassor. Mchukua bunduki? La. Mchinjaji.

Najua kazi ile. Mbogo akianguka, Mwislamu akimbie na kisu, amfikie bado yu hai, amchinje, ndipo nyama iwe halali kwetu. Akichelewa ni mzoga. Nassor ataka kurudi na nyama ya mbogo ya halali, afanye karamu, Kizingo nzima imtaje.

Baba yake Athmani aliifanya kazi hiyo mpaka siku mgeni mmoja mwenye masharubu alipompiga mbogo kwa risasi nyepesi ya mbio. Mbogo akaanguka kama gunia. Wakapiga makofi. Mume wangu akakimbia, bismillahi mdomoni. Akafika. Mbogo akasimama.

Mzungu aliyeongoza safari alikuwa na bunduki kubwa, naam, na alipiga. Baada ya mguu wa mume wangu kuvunjika mahali pawili. Mpaka alipokufa kitandani mwake nilikuwa namvisha suruali mguu ule.

Mwanangu haendi.

Jumatatu, 4 Julai

Yuaenda. Kasema ni mtu mzima. Sahani kaiacha nusu.

Jumanne, 5 Julai

Leo nimeshuka barazani mwenyewe. Buibui, ukaya kichwani, na risasi mbili mkononi.

Marehemu alikuwa kila akichuna huchimba risasi mwilini mwa mnyama akaileta nyumbani kwenye kitambaa. Wake wa wenziwe waliletewa ngozi. Mimi nililetewa risasi zilizokwisha kazi. Nikizishika najua kila moja ilifanya nini.

Nikawawekea mbili juu ya sinia la kahawa. Moja ni ya mbogo yule wa mguu, hii walimchimbia wenziwe. Nyepesi, ya mbio, ile ile mia tatu wanayoisifu. Imepasukia begani. Imekuwa makombo, shaba ya nje huku, risasi ya ndani kule, kama kikombe kilichoanguka. Haikufika ndani. Ya pili ni mia tatu sabini na tano. Imechanua mbele tu, nyuma nene vile vile, ilichimbwa upande wa pili wa mbogo mwingine, chini ya ngozi. Ilipita mapafu yote mawili. Mtoto wa chuoni angeelewa.

Nassor akacheka. Hata shikamoo hakunipa, alianza na kicheko.

"Mama, hizo ni za zama za mkoloni. Siku hizi risasi ni mbio!"

"Mbio za kwenda wapi?"

Wengine wakaingia. Mmoja, muuza saa asiyejua saa ngapi arudi kwake, akaniuliza, "Bibi, wewe umewinda nini? Kuku?"

"Kuku wangu nikimchinja hanyanyuki."

Hapo Nassor akatoa elimu yake. Ile kubwa, kasema, itamuua mbogo papo hapo, watakula mzoga? Afadhali hii ndogo. Itamlaza tu, awe hai, Athmani amfikie amchinje kwa raha.

Na wote wakaitikia. Wallahi kweli. Hilo nalo neno. Vichwa vikienda juu na chini kama mijusi ukutani.

Kumlaza mbogo! Kama mtoto mwenye homa! Risasi ndogo haimlazi mbogo. Humwangusha, humtia hasira, kisha humnyanyua. Nimewaambia hivyo. Athmani alikuwepo. Aliinamisha kichwa kwa aibu yangu. Yangu mimi, si yao.

Nimeokota risasi zangu nikapanda ngazi. Wapumbavu. Wapumbavu wenye kanzu zilizopigwa pasi.

Alhamisi, 7 Julai

Rukia, mke wa Athmani, kalia jikoni. Nimemwambia alie, lakini wali usiungue. Kisha nikamshika mabega nikalia naye. Wali ukaungua.

Athmani kaniambia neno moja la kweli. Baba yake alipovunjika yeye alikuwa mdogo, na tangu hapo maisha yake yote ni kuweka mafuta kwenye cherehani za watu. Ataka mara moja tu afanye kazi ya babake.

Nampenda mpaka nataka kumpiga.

Jumapili, 10 Julai

Nimekwenda Kizingo kwa miguu na goti hili. Bustani ya Nassor kubwa kuliko mtaa wetu, na hakuna hata mti mmoja wa kuliwa.

Nilimkuta na bunduki zake zote mbili, ya mia tatu na ya mia tatu sabini na tano. Zinang'aa kama vyombo vya kabatini. Nikajifanya mpole. Nikamwambia, baba, nionyeshe unavyosimama na ile kubwa, nami nifurahi. Akaona raha. Nikampa ganda tupu lililokwisha kupigwa, walitia hivyo zamani ili chuma cha ndani kisiumie mtu akijifunza. Akalitazama. Akalitia mwenyewe. Anajua ni tupu.

Akalenga ukuta wa mwisho wa bustani. Akavuta.

Tik.

Macho kafumba yote mawili. Bega limerudi nyuma. Mtutu umeinama kama ng'ombe anywaye maji.

Tupu! Na anajua ni tupu!

Nikamwambia tena. Vile vile. Mara ya tatu mkewe alikuwa kasimama mlangoni na sinia la juisi, akaona, akageuka ndani taratibu. Hapo Nassor akakaa kitako kwenye ngazi na bunduki mapajani.

"Iliniumiza, mama," kasema. Kumbe aliijaribu siku moja, ikampiga kwenye mfupa wa bega, siku kumi hakuweza kuinua mkono sawasawa kwa takbiri ya sala.

Nikamuuliza, basi yale yote ya halali na mzoga?

Akatazama viatu vyake.

Kwa hiyo dini aliitanguliza imfiche yeye na bega lake. Bega lisiumie, ila Athmani akimbie na kisu kwa mbogo aliyejeruhiwa nusu. Nilimtukana. Nilimtukana babake pia, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na hakustahili. Nimesema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kisha nikamwambia avue shati nione bega. Lilikuwa bado na rangi ya damu iliyovilia. Nikamwita mkewe alete mafuta. Nilimkanda huku namlaani. Mtu mzima wa miaka hamsini, kafumba macho kama mtoto wa kutahiriwa.

Nimemfunza la marehemu. Mwili uende mbele, usiungoje mshindo. Kitako cha bunduki kikae ndani ya bega, kisiguse mfupa. Shilingi moja juu ya mtutu, avute kwa ganda tupu, shilingi isianguke. Mara hamsini kwa siku. Siku isipoanguka hata mara moja, aje tuseme.

Jumatano, 13 Julai

Nassor hajaja. Goti limevimba.

Muuza saa barazani sasa asema mia nne hamsini na nane ndiyo bunduki ya mwanamume. Ile ni ya ndovu. Huyu akishikishwa, mshindo utamrusha, atapatikana Tudor, majini, na kofia yake bado iko hapa Mji wa Kale.

Ijumaa, 15 Julai

Baada ya sala Nassor kaja. Shikamoo kanipa mara hii, tena kwa mikono miwili. Shilingi haikuanguka.

Nikampa masharti mbele ya Athmani. Kwa mbogo ni mia tatu sabini na tano, ile mia tatu iwe ya swala na kongoni, huko ni bunduki njema, sina ugomvi nayo. Na Athmani hakimbii. Mbogo aachwe mpaka afe kabisa, jicho liguswe kwa kijiti na lisipepese. Akifa bila kuchinjwa, sisi hatuli, wapewe watu wa kule wasiokatazwa. Anayetaka nyama, buchani mbuzi wapo.

Nassor kakubali haraka. Kiburi kimemwisha, na hilo limemfanya mtu.

Athmani hakukubali wala hakukataa. Aliondoka, kisha jioni akaja kuniambia nimemvua nguo mbele ya watu. Mchinjaji asiyechinja ni nani? Abebe kisu kama pambo?

Nikamwambia ndiyo. Abebe kama pambo.

Akaniangalia kama adui. Nimemzaa huyu kwa uchungu wa siku mbili.

Jumatano, 20 Julai

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kisu cha babake nimekinoa mwenyewe nikampa. Rukia akashangaa. Sasa nifanye nini, nimfiche kisu kama mtoto? Akitaka kukimbia atakimbia hata na kijiko.

Kiapo cha kutokimbia sikumtaka. Nilitaka kumtaka.

Jumamosi, 23 Julai

Sina hamu ya kula. Nimewagombeza wajukuu bila sababu, kisha nikawapa halua yote.

Jumatatu, 25 Julai

Barazani wanaulizana mbogo atatosha watu wangapi. Wameshapanga na pilau. Nimemwaga maji ya kuoshea samaki dirishani. Hayakuwafikia. Nasikitika.

Jumatano, 27 Julai

Hakuna habari. Nikisikia gari nasimama.

Jumamosi, 30 Julai

Wamerudi leo adhuhuri. Gari tupu. Mikono mitupu. Pembe zitafuata na karatasi zake za kibali.

Athmani kaniamkia, kaoga, kasali, kalala. Habari kanipa Nassor chini ya ngazi, kwa sauti ndogo. Alimpiga mbogo nyuma ya bega kwa ile kubwa, macho wazi, aapa. Mbogo akaingia kwenye majani marefu, wakamsikia akianguka. Akanguruma. Akanyamaza. Wote wakamtazama Athmani, maana ndiyo saa yenyewe, bado yu hai, bado ni halali. Mzungu wa kule aliyewaongoza naye akamtazama. Athmani alikuwa na kisu mkononi.

Akasimama pale pale.

Muda mrefu, kasema Nassor. Wakadhani mnyama kafa. Kisha mbogo akainuka, akageuka kuelekea njia ile ile ambayo mtu wa kisu angeijia, akasimama hivyo, ndipo akaanguka mara ya mwisho. Nyama ikachukuliwa na watu wa kijijini.

Barazani wamenuna. Muuza saa kasema mchinjaji gani huyo anayeogopa. Nassor akamwambia nyamaza, wewe hukuwepo. Sikutarajia.

Jioni nikampakulia Athmani wali na papa wa nazi. Tulikuwa wawili tu, Rukia kaenda kuwaogesha watoto. Akala bila kusema. Vidole vyake vilikuwa bado vinanuka mafuta ya bunduki, alimsaidia Nassor kuzisafisha. Alipofika nusu ya sahani akasema, bila kuinua kichwa:

"Mama, miguu ilitaka kwenda."

Nilimwongeza mchuzi.