Fungua Difu Kabla Musyoka Hajaendesha

Lodwar,
Aprili 2013

Baba yangu mpendwa,

Barua hii usiisomee chini ya gari na tochi mdomoni kama ulivyozoea. Nawa mikono, keti, halafu usome. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili hauna shida. Joto la huku ni lilelile, spana ukiisahau juani huishiki tena mpaka jioni. Uchaguzi ulipita salama, sasa tuna kaunti, ila mashimo ya barabara ya Kakuma bado hayajapata habari.

Jana niliposema kwenye simu kwamba gari lisitoke mpaka barua hii ifike, uliniuliza kwa nini, nikakujibu mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilikusikia vizuri, hata jogoo wa jirani nilimsikia. Nilishindwa tu kusema, nikakata.

Nianze na yale uliyoniuliza kuhusu hilo gari lako la Kimarekani, maana hayo naweza kuyajibu bila kusimama. Giaboksi, chukua ile ya gia nne. Ya gia tano inapendeza, lakini injini ya V8 ina nguvu kuanzia chini, na katika uwanja ule mdogo wa mbio dereva wako Musyoka hatapata mahali pa kuitumia hiyo ya tano. Klachi usinunue ile ngumu kabisa. Itamchosha mguu, na kila akiiachia ghafla itapiga giaboksi na shafti ya propela. Propela yenyewe ipeleke ikasawazishwe, kisha uifungie chuma cha duara chini, ili ikikatika isichimbe lami na kulipindua gari.

Springi za nyuma usiongeze bamba. Najua ukiliona gari linakaa chini mkono unawasha. Sisi huku tunaongeza mabamba kila siku kwa sababu malori yanabeba mahindi na saruji, lakini gari la mbio halibebi kitu ila dereva na kiburi chake. Nyuma ikiwa ngumu mno, gurudumu linaruka na halivuti. Weka springi ngumu kidogo mbele, kwa ajili ya uzito wa injini, pamoja na stabilaiza nene ya kulizuia gari lisilale kwenye kona. Shoku nunua zote nne za aina moja, za kulingana na springi. Afadhali usubiri mwezi mmoja kuliko kuchanganya mpya na kuukuu. Bushi za mpira uliochoka zitoe zote.

Sasa difu. Uliandika kwamba difu hutaigusa, kwa kuwa ile niliyoiweka kabla sijaja huku ni imara. Baba, ile si difu niliyokuambia.

Nilikwambia nimeitoa kwenye gari bovu kwa rafiki yangu, difu ya mbio halisi, ya kugawa nguvu magurudumu yote mawili. Hiyo sikuipata. Siku mliyokwenda harusini niliishusha yako, nikazichomelea zile gia ndogo za ndani, zinazoliacha gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani kwenye kona, zikawa donge moja. Nikairudisha. Musyoka alipolijaribu akaruka kwa furaha jinsi lilivyong'oka. Wewe uliyasikia magurudumu yakilia kwenye kona ukasema hivyo ndivyo difu ya mbio inavyolia. Ulinisifu mbele ya watu, nami nikanyamaza. Nilijua unavyoichukia kazi ya namna hiyo.

Ningeendelea kunyamaza kama si Ekai. Alikuwa dereva wa pikapu iliyokuwa ikichukua samaki wakavu Kalokol na kuwapeleka sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kijana mpole, mcheshi, akinitania kwamba Wakamba tunaogopa jua kuliko ng'ombe. Januari alikuja gereji amechoka.

"Fundi," akasema, "hii gari inalala kwa mchanga kila siku. Hii mito kavu ya laga ikinishika nachimba mpaka usiku. Huwezi fanya hiyo miguu mbili ya nyuma ivute pamoja?"

Nikamwambia naweza, nilishafanya kwetu. Nikazichomelea gia zake asubuhi moja. Pikapu ikawa inavuka mchanga ambao wengine wanaulalia, na Ekai akanitangaza mji mzima. Nilijua kwenye lami donge lile linapigana na ekseli kila kona. Nilijiambia ni kona chache.

Wiki tatu zilizopita, kabla ya kufika Kakuma, pikapu ilipinduka. Ekai alifariki palepale. Nyuma kwenye pikapu alikuwa mama mmoja wa Sudan Kusini, Nyandeng, mwenye samaki wale, akavunjika mkono. Nilikwenda na lori kulivuta gari. Samaki walikuwa wametapakaa barabarani, na watu waliokuwa wakipita na mbuzi wao waliwaokota wakawapanga kando, hawakuchukua hata mmoja. Askari aliandika kwamba chanzo ni shimo. Nyandeng, mkono umefungwa kwa kanga, akanishika shati.

"Shimo iko wapi?" akaniuliza. "Mimi niliona. Nyuma ililia, halafu ikakataa kuzunguka."

Mwenye gari akaniambia nilivue, niuze vipuri. Nikalivua. Kipande cha kazi yangu kilikuwa kimebanduka, kikaingia katikati ya meno ya kraunwili na piniani, zile gia zinazozungusha ekseli, yakashikana. Kilikuwa cha ukubwa wa punje ya hindi. Nikakiweka mfukoni, nikanawa, nikaenda kula ugali. Nilikula wote.

Hilo ndilo linalonisumbua, Baba, kwamba halinisumbui. Nalala. Kazi naifanya. Juzi nilicheka kichekesho cha mtu. Najua nimeumia, ila ninangoja kuumia jinsi unavyongoja ganzi ya daktari wa meno iishe, na haiishi. Hata haya nayaandika kama mtu anayenakili ya mwenzake.

Baada ya mazishi, mjane wake, Akiru, alikuja gereji kwa gari la abiria kutoka kwao Kakuma, na mtoto mgongoni. Nilidhani amejua. Nikaweka spana chini, nikasimama.

"Ejok, fundi," akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok," nikajibu.

"Nimekuja kukuambia asante. Ile kitu ulifanya kwa gari ilisaidia sisi. Zamani bwana yangu alikuwa anafika nyumbani watoto wamelala. Hii miezi mbili alikuwa anafika jua bado iko. Watoto wamemjua."

Alisimama kidogo akinitazama, nadhani alingoja nimpe pole. Nikampa maji, akanywa, akaenda zake.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha, na kifo kimeenda kwa mtu mwingine.

Basi nakuomba, fungua difu. Usimpe Musyoka hata azungushe gari uani. Ukiona mshono utaujua mkono wangu, wewe ndiye uliyenifundisha kuchomelea. Itupe yote, usijaribu kuisafisha. Kama difu ya kweli haipatikani mapema, weka ile ya kawaida, gurudumu moja liteleze, ashindwe. Au hata hiyo Jumapili ya mwisho wa mwezi akose mashindano kabisa, akinuna anune. Mwambie ni mimi niliyefanya, na usinipunguzie. Na ukiona heri nisiguse tena gari lako, nitakubali, sitauliza.

Nisalimie Mama, lakini barua msomee mpaka mwisho wa habari za springi tu, mengine nitamwambia mwenyewe nikija. Nisalimie shangazi yangu mwenye kioski, na mjomba fundi seremala, mwambie meza yake ingali imara. Mke wangu nitamwandikia barua yake, naomba asiyasikie haya kwa mtu mwingine kwanza. Musyoka mpe mkono kwa niaba yangu.

Barua naipeleka sasa hivi kwa dereva wa basi la Kitale. Likishaondoka nitapanda gari niende Kakuma, kwa Akiru, nimwonyeshe kile kipande na kumwambia kilikotoka. Nimeanza na wewe makusudi, Baba, ili nikifika mlangoni kwake nikataka kurudi, nisiwe tena na mahali pa kurudi nikiwa mwongo.

Mwanao,
Mutua