Mbao za Pembea ya Bustan

Aflah mwenzangu, leo nimeharibu. Nimechoka, hata kanzu sijavua.

Kwenye chakula cha mchana kwa jirani Nasriya nikawachekesha watu na ile pembea ya Idi ya watoto, ilotoweka zamani pale pwani, kijijini Bustan. Nkasema, "Yule Bakhit fundi wake kaiba mbao, kakimbia!" Watu hoi.

Bibi mmoja kaniita. "Mwanangu, mie Rahila, binti Bakhit. Babangu hakuiba. Kaivunja pembea yake mwenyewe, kawachongea vitanda watu wenu walokimbilia hapa kutoka Unguja mikono mitupu, mapinduzi ya mwaka sitini na nne. Mamako kakuzaa kwenye kimoja cha vitanda hivyo."

Kitanda hicho, Aflah! Wallahi!

Marehemu kaitwa mwizi, na mtangazaji mimi.

Kesho nipeleke kwa Bi Rahila nikamtake radhi. Peke yangu siwezi.

Aflah? Utanipeleka?