Mkebe Unaorudi Ulikotoka

Mpendwa Baba Karimi,

Redio yangu imenyamaza tena wakati wa matangazo ya vifo, na safari hii siwezi kukulaumu, kwa maana wewe mwenyewe ulishatangazwa humo. Lakini usijifanye hujui. Huu mchezo ni wako.

Unakumbuka mara ya kwanza? Nilikuwa nangoja kusikia shangazi yangu atazikwa lini. Nikawasha redio, kimya. Nikafungua nyuma, betri moja hakuna. Nikakukuta nyuma ya nyumba na mkebe wa mafuta ya kupikia, umeutoboa huku na huku, umepitisha ndani mpira wa tyubu ya baiskeli, na katikati ya mpira umefunga betri yangu ining'inie. Eti wanafunzi wako lazima waone nguvu inavyowekwa akiba. Betri kuukuu ulikuwa umezianika juu ya mabati zipate moto wa jua, hukutaka kuzisumbua! Shangazi akazikwa bila mimi. Nikambeba binti yetu Karimi mgongoni, nikashuka kwetu Mitunguu.

Baba yangu alisema mke harudi kwa mumewe bila wazee na mbuzi wa kuombea radhi. Ukaja peke yako, mkebe kwapani. Mama akadhani umetuletea mafuta, akakimbilia sufuria. Wewe ukapiga magoti uani, mwalimu mzima wa sayansi, na suruali ya Jumapili, ukausukuma mkebe kuelekea kwa baba. Mkebe ukabingirika, ukapunguza mwendo, ukasimama karibu na kiatu chake. Baba akainua fimbo. Mkebe ukaanza kurudi kwako pole pole, bila kuguswa na mtu, na mama akasimama pale na sufuria yake tupu.

"Mzee, mzigo wa ndani hauzunguki," ukamweleza. "Unabaki chini. Mkebe ukizunguka, mpira unajisokota, unaweka hasira. Hasira ikijaa, mkebe hauna budi kurudi ulikotoka."

Nilijua husemi habari za mkebe. Baba naye alijitia hakuelewa, akataka kuusukuma mwenyewe, akausukuma mpaka jioni, na habari ya mbuzi akaisahau kabisa. Nikarudi nawe nyumbani Kibugu nimenuna njia nzima. Lakini nilirudi.

Sasa sikiliza. Kijana wa pili wa Karimi amepewa jina lako, kama desturi ilivyo kwa babu mzaa mama, na anaishi nami hapa. Wote wanamwita Baba Karimi. Hata Karimi mwenyewe akija kutoka Embu mjini humwambia, baba, maliza mboga zako. Majirani wananitania kwamba mume wangu amerudi ila hana meno ya mbele. Mimi nimekataa. Namwita kijana. Jina hilo sikulitamka tena tangu siku tuliyokuzika, na niliogopa kuita halafu asiitike mtu.

Juzi mwalimu wake akataka kila mtoto alete kitu cha kuchezea kilichotengenezwa nyumbani, kinachokwenda chenyewe. Nikajigamba kwamba mimi ni mjane wa fundi. Nikatoboa mkebe, nikafunga jiwe katikati, tukatoka nje. Kumbe jiwe nilikuwa nimelibana likagusa ukuta wa mkebe, likawa linazunguka pamoja nao. Na Kibugu hii, unaijua, hakuna uwanja tambarare. Mkebe ukashika mteremko, ukapita zizi la jirani, ukaingia kwenye shamba la majani chai, wachumaji wakausindikiza kwa macho. Haukurudi.

Kijana akaniangalia. Akaniuliza kama kweli ule wa babu ulikuwa unarudi, ama ni hadithi tu. Swali hilo liliniuma. Nikamwambia ulikuwa unarudi, ila mzigo wake ulining'inia bila kugusa popote, tena ulikuwa mzito, ulikuwa betri ya redio. Mdomo wangu huu!

Leo nikawasha redio. Kimya. Nikafungua nyuma. Ninakwambia damu ilinipanda kama mwaka ule. Nikasimama mlangoni, nikapaza sauti mpaka ng'ambo ya mto:

"Baba Karimi! Betri yangu iko wapi?"

Na nyuma ya nyumba mtu akaitika, "Niko hapa."

Kijana akatokea, mkebe kwapani, magoti yamejaa vumbi. Hakuomba msamaha, wala wewe hukuwahi kuomba. Akapiga magoti sebuleni, mahali pekee palipo sawa katika boma hili, akausukuma mkebe kwangu. Ukafika karibu na miguu yangu, ukasimama, ukafikiri kidogo, ukarudi kwake. Nikacheka, nikalia, nikamkaripia, yote kwa pamoja, na yeye akauliza kama nausukuma mimi sasa ama aendelee.

Tumeusukuma mpaka ugali ukaungua. Nimemwita Baba Karimi mara nyingi hata yeye akachoka kuitika. Nimekukumbuka sana, mume wangu, kuliko siku zote, na leo haikuniuma sana.

Kesho mkebe unakwenda shuleni na betri yangu ndani, kwa hiyo sitajua nani amekufa. Betri kuukuu nimezianika juu ya mabati. Wewe lala, usiwe na wasiwasi na sisi. Ila neno moja nitakuwekea mpaka tukutane: hata safari hii umerudi bila mbuzi.

Ni mimi mkeo,
Mama Karimi