Ukurasa Ulioachwa Wazi kwa Mama wa Mgalula

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokusindikiza makaburini tukarudi nyumbani bila wewe. Hatujazoea. Mama bado anamimina chai vikombe viwili kila asubuhi, kisha anakumbuka, na cha pili anakinywa mwenyewe kikiwa kimepoa.

Kwa wanaosoma haya na hawakukujua, tuseme kwanza ulikuwa nani. Ulikuwa Mwalimu Adinani Awadhi wa Tabora mjini. Ulifundisha shule ya msingi mpaka ukastaafu, na ulipostaafu ukaanza kazi tuliyodhani ni ya kupitisha muda tu: kuwaandikia watoto vitabu vidogo vya watu mashuhuri wa zamani. Watemi, wapiganaji, wanawake waliotawala, viongozi wa misafara. Vitabu vya kurasa chache, herufi kubwa, kila ukurasa na picha yake. Leo kuna watu wazima wenye ndevu wanaotusimamisha sokoni kutuambia kwamba kitabu cha kwanza walichokimaliza maishani kilikuwa chako. Wewe ulipokuwa hai ulikuwa ukiwauliza papo hapo, "Na cha pili je?"

Uliishi na hao watu wako wa zamani kana kwamba wamepanga chumba cha uani. "Shikamoo Mtemi," ulisema ukikaa mezani na kalamu yako, na Mama akaitikia kutoka jikoni, "Leo mgeni wako nani, nimwongezee ugali?" Ulimjibu kwa uso mkavu kwamba mgeni hali kiporo. Tulicheka sana. Lakini hukuwa unatania kabisa, na hilo tulilijua siku ya gunia la chumvi.

Ulikuwa umeanza kuandika habari za Kirangozi Mgalula, yule mtu wa Lusu aliyetangulia mbele ya wapagazi akiwaonyesha njia kutoka Unyamwezi hadi pwani na kurudi, zamani za misafara. Ukasema huwezi kumwandika mtu ambaye uchovu wa shingo yake huujui. Basi kwa umri ule ukajitwisha gunia la chumvi kichwani, ukashika njia ya Kwihara kwa miguu. Majirani wakatoka milangoni kutazama. Baba mdogo Mfaume akakufuata na baiskeli, anakusihi njia nzima, "Kaka, tua basi. Watu watasema tumekutelekeza." Hukutua. Ulirudi alasiri shingo imekaza, ukalala chali ukumbini, ukasema jambo moja tu, "Sasa najua kwa nini wapagazi walikuwa wanaimba." Hakuna aliyecheka. Neno hilo tunalikumbuka mpaka leo.

Na uongo hukuupenda, hata ule mtamu. Ulitaka watoto wajue jina la mama yake Mgalula. Ukauliza Lusu, ukaenda Puge, ukafika mpaka Usinge walikohamia baadhi ya vitukuu wake. Kila ukoo ulikuwa na jina tayari, na kila jina lilikuwa la bibi yao wenyewe. Puge walikupa na mbuzi ili uandike la kwao. Mbuzi ukamwacha hukohuko, ukarudi na vumbi lako. Kwa hiyo kitabuni, mahali pa mama, uliacha ukurasa mzima wazi. Juu kabisa uliandika: "Mama wa Mgalula. Jina lake hatulijui. Tuliuliza kote."

Kama kawaida yako hukutaka kitabu kichapwe kabla watoto hawajakipitia. Ukatoa nakala za majaribio kule steshenari, ukazibana pini kwa mkono wako, ukazipeleka shuleni Lusu. Kisha ukaugua, ukasema utazifuata ukipata nafuu. Nafuu haikuja.

Arobaini yako ilikuwa imepita mhariri wa Dar es Salaam alipompigia simu bintiyo Shamila, maana ndiye uliyemwachia mambo ya vitabu. Kijana mstaarabu, tusimsingizie. Alisema kitabu ni kizuri mno, ila ukurasa ule hauwezekani. Mzazi akiuona mtupu atadhani mashine imeruka, atarudisha kitabu dukani.

"Weka jina lolote la Kinyamwezi pale, dada," alisema. "Mambo ya zamani hayo, nani atakuja kudai?"

Bila jina, kitabu hakitatoka. Hakuficha.

Tulikaa sebuleni tukashauriana. Baba mdogo Mfaume alisema jina liwekwe, kwa sababu kaka yake alitaka watoto wasome, sasa ukurasa mmoja utazuiaje kitabu kizima. Mwanao Abasi alisema hajui, akatoka nje kutazama pikipiki yake ambayo haikuwa na ubovu wowote. Mama alikunja khanga yake mara mbili tatu ndipo akasema, "Mimi vitabu sivijui. Ila mbuzi alimkataa, nilikuwepo alipokuja kunihadithia."

Shamila ndiye aliyebaki na mzigo. Kilikuwa kitabu chako cha mwisho, Baba, na yeye hakutaka kuwa mtu wa kukizika. Jina alikuwa ameshalipata kichwani, jina zuri, la kuaminika. Alimwomba mhariri wiki moja, akapanda basi la Nzega, akashuka na kushika bodaboda mpaka Lusu, ili azichukue nakala zako na kuona watoto wamesema nini kabla hajatoa jibu.

Mwalimu Eustadia wa shule hiyo alimpokea kwa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akampa pole ya msiba upya, kisha akatoa nakala kabatini. Zilikuwa zimelegea kwa kushikwa, pembe zimekunjika, zinanuka moshi wa majikoni. Shamila akafungua ya juu, moja kwa moja kwenye ukurasa wako mtupu. Haukuwa mtupu. Kulikuwa na mwanamke wa penseli, dumu la maji kichwani, mtoto mgongoni, na chini yake mwandiko wa kujikongoja: "Mama wa Mgalula anatoka kisimani." Akafungua ya pili. "Mama wa Mgalula anapalilia pamba." Ya tatu: "Mama wa Mgalula anauza vitumbua stendi." Nyingine: "Mama wa Mgalula ana mguu mmoja lakini jembe analishika." Kila nakala ilikuwa na mwanamke wake.

"Hakuna aliyewatuma," alisema Mwalimu Eustadia. "Mimi nilipoona wamechora kwenye vitabu vya Mwalimu Adinani nilishika fimbo. Halafu nikasoma. Huyu wa mguu mmoja namfahamu, anakaa hapo ng'ambo ya lambo. Mtoto wake ndiye kachora."

Shamila aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu, akafungua zote, moja baada ya nyingine. Wewe ulizunguka wilaya kwa wilaya kumtafuta mwanamke mmoja ukamkosa. Hapa walikuwa wamejaa, na kila mmoja alikuwa amemzaa mtu mashuhuri.  Tulipoonyeshwa nakala hizo, Baba, hata Baba mdogo Mfaume alizifungua upya moja moja.

Nakala moja ndiyo ilikuwa safi. Ukurasa ulikuwa mweupe vilevile ulivyouacha, haukuguswa hata kwa nukta. Shamila akauliza ni ya nani, na Mwalimu Eustadia akamwita Kabula, binti wa darasa la nne anayelelewa na bibi yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mama. Wewe hukuchora?"

"Sikuchora."

"Hukupata penseli?"

Kabula alimtazama mwalimu wake kwanza, kisha akasema polepole, "Penseli ninayo. Ila mama yangu simjui. Aliniacha kwa bibi nikiwa mchanga, na bibi hataki kuulizwa. Vile vitabu vingine, kila mtu mkubwa mama yake anatajwa mwanzoni kabisa. Huyu hatajwi. Huyu yuko kama mimi." Akaongeza, "Na alifika mpaka baharini."

Shamila alimshika mkono, basi. Lile jina zuri alilokuwa nalo kichwani aliliona sasa kwamba ni wizi. Lingempokonya mtoto huyu mtu pekee wa kufanana naye katika vitabu vyote alivyovisoma. Na wewe hukuwahi kuketi naye wala kujua shida yake. Ulikataa kudanganya tu, ukiwa Tabora mezani kwako, na ukweli wako ukatembea peke yake mpaka ukamkuta.

Alimpigia mhariri akiwa bado stendi ya Nzega, makondakta wanapiga kelele pembeni. "Ukurasa unabaki kama Baba alivyouacha," alisema. "Kama haiwezekani, nirudishie mswada wetu." Akamsimulia walivyochora watoto. Mhariri akaomba atumiwe zile nakala azione. Zilienda kwa basi, zote isipokuwa ya Kabula, ambaye alisema yake haisafiri.

Siku chache baadaye mhariri alipiga mwenyewe, akakohoa kwanza. "Dada, ubaki. Na mimi mama yangu nimemchora kwenye nakala yangu, lakini hilo usimwambie mtu." Tumewaambia watu wote. Atusamehe.

Kitabu kimetoka, Baba. Mwezi huu kimefika Lusu, na Shamila ndiye aliyekipeleka. Aliwaambia watoto kwamba mwaka wako unatimia na kwamba tutaandika haya, na mwishoni tutataja majina ya wanaokukumbuka. Walipotawanyika Kabula alibaki.

"Lazima mtu awe ndugu yake?" aliuliza.

"Awe anamkumbuka tu."

"Mimi namkumbuka. Alikuja na kofia, akatuambia tukiona kosa tumwambie. Hatukuliona."

Shamila akamuuliza tumwandike kama nani wako. Alifikiri sana, akichora vumbi kwa kidole cha mguu, kisha akasema. Nasi tumemwandika alivyosema, kwa sababu kwako mtu hapewi nasaba asiyoikubali, na hii tumekaa tukaipitisha nyumba nzima.

Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na akulaze mahali pema. Tutakukumbuka siku zote tutakazojaliwa: mkeo Mwanajuma, wanao Shamila na Abasi, mdogo wako Mfaume, na wajukuu zako wawili, Najiat wa Tabora na Kabula wa Lusu.