Kichupa cha Pantelis

Kalavarda, Kisiwa cha Rodo

Kwa dada yangu mpendwa Tsambika,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako yamepunguza kelele. Mimi sijambo. Padri anasema nitakizika kijiji kizima; nimemwambia nitaanza na yeye.

Sasa, habari za mwanao Stergos. Amefika kwangu, anasema umekubali kuuza shamba la mizeituni la baba ili anunue kichupa cha manukato cha Wagiriki wa kale, kilichotoka kaburini, akawauzie matajiri wa Athene wanaokusanya vioo hivyo. Muuzaji ni Pantelis. Pantelis yule yule aliyemuuzia mjane beberu akimwapia kwamba ana mimba! Nikaanza kunusa.

Jana Pantelis akakileta ndani ya soksi. Kizuri, sikatai: buluu iliyokoza, michirizi ya njano kama mawimbi, na juu utandu unaometameta, ule ambao kioo huota kikilala ardhini miaka elfu mbili. Nikamuuliza kimetoka kaburi gani. Akasema, "Mzee Savvas, maiti haulizwi jina." Nikamjibu kwamba mwizi huulizwa. Stergos akaniomba nisimuudhi mgeni. Hapo nikashtuka: mnunuzi gani humtetea muuzaji?

Nikaenda jikoni kuleta zeituni. Kurudi, paka wangu yuko mezani, anakilamba kichupa kwa mapenzi yote, na utandu wa miaka elfu mbili umemganda masharubuni. Magamba ya samaki, dada! Yamebandikwa kwa gundi! Pantelis akadai eti wale wa kale walitia humo mafuta ya samaki. Nikamwambia achukue soksi yake aondoke kabla sijamwita mkewe.

Stergos hakushangaa wala hakutukana. Alikaa akificha vidole, na kwenye kucha zake kulikuwa na gundi. Nilipombana akalia. Walipanga wote wawili: shamba liuzwe, Pantelis apate fungu lake, yeye apate nauli ya Ujerumani, halafu wewe uambiwe kichupa kimevunjika. Alishindwa kukuambia kwamba anataka kuondoka, akaona afadhali akuibie.

Ameniapisha mbele ya picha ya Mtakatifu Nikola kwamba sitakuambia neno. Sijasema. Nimeandika.

Usitie sahihi. Lakini akirudi mpikie, usimpige mpaka ashibe, kisha umuulize wewe mwenyewe kuhusu Ujerumani, na umruhusu. Mwanamume wa miaka thelathini anayemwogopa mama yake kuliko polisi, dada, hayo si malezi tena, ni kifungo.

Nisalimie majirani wote, isipokuwa yule wa ghorofa ya juu.

Kaka yako akupendaye,
Savvas